Ya Tata Iko Ndani

Mama alipofariki nilirudi Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, kumtunza baba, na kwa muda mrefu kazi ya kumtunza ilikuwa moja tu: kumbembeleza ale. Alikuwa hali chakula. Hakuwa mgonjwa. Muuguzi wa zahanati alimpima akasema moyo mzuri, sukari hakuna, mapafu yanafaa kabisa kwa mtu aliyepumua vumbi la shaba tangu ujana wake. "Mumupatie chakula ya kutosha," akaniambia, kana kwamba mimi nilikuwa nampa mawe. Kila baada ya muda nilichukua sindano na uzi nikapunguza kiuno cha suruali zake. Nilipunguza, nikazifua, nikazianika.

Mimi nami sikuwa mzima sana. Nilikuwa nimekufa ganzi. Kwenye kilio cha mama sikutoa chozi, na wanawake wa upande wake, waliokuja kutoka Kasaji na mikeka yao na mifuko yao ya unga wa muhogo, walilizungumza jambo hilo pembeni kwa sauti ambayo walitaka niisikie. Niliisikia. Haikuniuma. Walipoondoka nilifagia ua, nikarudisha viti vya kuazima, nikaona kwamba hata chakula kimeacha kuwa na ladha. Chumvi niliitia kwa mazoea ya mkono. Nilikula nimesimama kando ya mbabula, jiko letu la mkaa, kijiko kimoja nikaacha, na ungeniuliza nimekula nini ningelazimika kuchungulia sufuria ya mkaani ndipo nikujibu.

Ni katika hali hiyo ndipo nilipoajiriwa kupika.

Palikuwa pamefunguliwa mjini, upande wa barabara ya kwenda Manika, mgahawa wa kuku wa kukaanga. Ulikuwa wa kampuni ya nje, moja ya zile zenye matawi nchi nyingi, ambazo ukiingia katika tawi lolote unakuta meza zilezile, boksi lilelile, na picha za chakula zinazowaka taa ukutani juu ya vichwa vya wauzaji. Kwetu hatukuwahi kuwa na kitu kama hicho. Kolwezi ni mji ambao kila anayekuja anakuja kutafuta kitu chini ya ardhi, na mtu fulani mbali huko alikuwa amekumbuka kwamba wachimbaji nao wana matumbo. Mimi nilikuwa nimepika miaka kadhaa kwenye kantini ya mgodi, nikapeleka vyeti, nikachukuliwa. Mwanangu alikuwa anasoma Lubumbashi, baba alikuwa kwenye kiti chake, na nyumba ile mchana ilikuwa kimya mno. Nilifurahi kupata mahali penye kelele za mafuta, ingawa kusema nilifurahi ni kutia chumvi.

Jambo la kwanza lililotushangaza sisi wa jikoni ni picha za ukutani. Zilionyesha wali mweupe wa nazi, dengu kwenye kibakuli, achari ya embe, na samaki wa baharini katikati ya mkate. Tulifikiri boksi za picha zimepotea njia. Hapana. Menyu ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kisiwa kimoja, ambako kampuni ilikuwa na tawi linalojaa watu asubuhi hadi jioni, na wakubwa walikuwa wameona kwamba kilichoshinda kule kitashinda na huku. Yule aliyeitengeneza menyu hiyo walitutumia pia. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenyeji wa kisiwa hicho, anavaa kofia nyeupe ya jikoni hata anapovuka barabara kununua vocha. Sisi tulimwita shefu.

Alituzungumzia kwa Kifaransa, kwa sauti ya polepole. Kisiwani kwao, alisema, watu walikuja wiki ya kwanza kwa kutaka kuona tu, kisha wakarudi majumbani kwenye wali wao. Wakaweka wali. Watu wakaja mmoja mmoja, lakini hawakuleta familia. Ndipo akaanza kuomba kualikwa kwenye nyumba za watu akae pembeni aangalie wanavyokula, mpaka akaona kwamba hakuna nyumba iliyoanza kula kabla achari haijafika mezani. Waliweka achari, na tawi likajaa.

"Kila mahali pana kitu kimoja," alisema, "ambacho mtu akikikosa anaona hajala, hata kama tumbo limejaa. Hawezi kukutajia, kwa sababu kwake si kitu cha kutajwa. Lazima ukitafute mwenyewe."

Yeye mwenyewe alikuwa na chupa ya achari ya kwao ndani ya friji, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku moja tukimenya vitunguu aliniuliza nyumbani kwangu kuna nani. Nikamwambia kuna baba, hali chakula, na anaisha. Nilimwambia vilevile, bila kupamba, na nikaongeza kwamba mimi mwenyewe sisikii ladha, ili asije akanitegemea kuonja. Hakunipa pole, na nilimshukuru kwa hilo. "Basi mteja wetu ni yeye," akasema. "Tukimfanya mzee huyo ale, mji wote utakula. Kila tutakachojaribu, mpelekee." Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikiingia jikoni nikivua kanga ya kukinga vumbi, aliniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo baba ni tata, maneno mawili aliyofundishwa na wasichana wa kaunta: "Tata alikula?"

"Kidogo," nilikuwa najibu, au, "Hapana."

Inafaa nieleze jinsi baba alivyokuwa anakula, maana mengi yamekaa hapo. Kwetu mtoto hatafuni mbele ya baba yake. Mama alikuwa anaweka chakula cha baba sebuleni juu ya meza ndogo, anamwagia maji ya kunawa, anafunua bakuli, kisha anarudi jikoni nyuma ya pazia, ambako sisi tulikuwa na sufuria yetu. Baada ya muda tulisikia sauti yake ikimwita aje: "Mama, kuya." Mama alikwenda. Alikawia huko kiasi, akarudi na sahani tupu, nasi tukajua kwamba chakula kimekwisha na zamu ya kuosha vyombo imefika. Mtoto aliyesikia wito ule alianza kutafuta sababu ya kwenda chooni.

Siku ya kuku kulikuwa na jambo la ziada. Firigisi haikuwa ya mtu mwingine yeyote. Iliwekwa juu ya nyama zote, katikati ya bakuli, ili ionekane mara tu kifuniko kinapoondolewa. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za mjini, hata jina lake hatukulitumia. Tuliiita ya tata. Nilijua mateke na nilijua bakora, lakini kitu nilichokiogopa zaidi utotoni ni ya tata kudondoka nikiwa ndiye niliyebeba bakuli.

Baada ya mama kufa nilifanya kama alivyokuwa akifanya. Niliweka, nikamwagia maji, nikafunua, nikarudi nyuma ya pazia na kusimama hapo nikisikiliza kama anatafuna. Baada ya muda mfupi aliniita: "Mama, kuya." Wazee wa kwetu huwaita binti zao mama, hata wangali wananyonya, kwa hiyo hilo halikunigusa. Nilikwenda, nikakuta amemega tonge moja, labda mawili. Nikakusanya sahani. Aliniangalia mpaka nilipovuka pazia. Ikawa hivyo kila jioni.

Basi nikaanza kumpelekea chakula cha kampuni. Wali wa nazi aliuonja kwa ncha ya kidole. "Nani alitia sukari mu muchele?" akauliza. Nilimweleza kwamba ni nazi, wanaoishi karibu na bahari wanaipenda. Alisema abarikiwe kila anayekula hivyo. Mkate wa duara wenye nyama aliuzungusha mkononi kama anayetafuta mlango. "Hii mukate inaficha nini? Nyama iko na haya?" Siku hiyo kidogo nicheke. Kisha akaniita nikachukua sahani, na mkate ulikuwa umeng'atwa upande mmoja tu.

Mji nao ulikuwa unatoa majibu yaleyale, ila kwa adabu zaidi. Watu walikuja, wakapiga picha na simu mbele ya boksi, wakala kuku, wakasukuma wali pembeni. Mikate tuliikuta imefunguliwa, nyama imetoka, vipande viwili vya mkate vimelala vinatazamana. Samaki wa baharini hawakumtazama mara mbili.

Kilichomfungua shefu macho ni mama mmoja wa Jumapili. Alikuwa ametoka kanisani Manika, kitenge kipya, kilemba kimesimama. Alinunua boksi la kuku, akakaa, akafungua mkoba, akatoa bukari. Bukari ni ugali wetu. Alikuwa ameufunga ndani ya mfuko wa plastiki na kitambaa juu yake, na bado ulikuwa unatoa mvuke. Akauliza maji ya kunawa yako wapi. Mlinzi alimwonyesha bango linalokataza chakula cha kutoka nje. Yule mama akalisoma lote, akasema kwa upole, "Tata, hii haikutoka inje. Ilitoka ku nyumba," akaendelea kufungua kitambaa. Shefu alitoka jikoni mbio. Sisi tulidhani anakwenda kumfukuza. Alivuta kiti akakaa naye, na alipoangalia vizuri akaona mikoba mingine mitatu minne ya kina mama imevimba vilevile.

Bukari ikaingia kwenye menyu. Haikuingia vizuri. Mara ya kwanza waliitoa kwa kijiko kile cha kuchotea aiskrimu, madonge matatu madogo na jani la kijani juu, na wateja wakauliza kama mtoto wa mtu anacheza jikoni. Kisha ukaja ugomvi wa unga. Wapishi wenye asili ya kusini walisema mahindi tupu, wale wa magharibi wakasema muhogo, na kila upande ulizungumza kama vile mwingine anataka kuua watu. Mimi nilisema tuchanganye, kama mama alivyokuwa anafanya. Mchanganyiko wangu ulipowekwa kwenye kabati la joto uligeuka gundi. Ilibidi tukubali kwamba bukari haingoji mtu. Itasongwa mteja akiwa amekaa, na yeye atangoja. Wakubwa wa kampuni walilalamika kwamba chakula cha haraka hakingojwi. Shefu aliwaandikia kwamba hapa kinangojwa.

Tukaongeza sombe, yaani majani ya muhogo ya kutwangwa. Tukaongeza pilipili ya kusagwa na mafuta, mahali pa vile vipakiti vitamu vya nyanya. Kijana akawekwa kupita mezani na birika la maji na beseni. Mimi nikashauri kikanda, ile keki ya viazi vya porini na karanga, nikiamini kwamba watu watafurahi kukiona kwenye boksi zuri. Hakuna aliyekinunua. Kikanda mtu anakila barabarani, kimekatwa na kisu cha mama muuzaji na kuwekwa juu ya kipande cha gazeti. Kwenye sahani ya kampuni kilionekana kama mgeni asiyejua aketi wapi. Tulikila wenyewe jikoni, wenzangu wakasema kizuri, mimi nikawaamini.

Bukari mpya ilipokubalika nilimpelekea baba. Alimega, akatafuna, akatingisha kichwa. "Bukari ni muzuri," alisema. Nilikimbilia nyuma ya pazia nikasimama nimebana pumzi. Sikusikia kitu. "Mama, kuya." Nilikwenda nikakuta mlima uleule, na shimo dogo ubavuni. Nikabeba. Kesho yake shefu aliniuliza, nikamwambia kidogo, naye akaandika kitu hewani kwa kidole na kukifuta.

Hapo ndipo alipokuja mchumba mmoja.

Alikuwa kijana mchimbaji, mmoja wa wale waliotoka mbali kuja kutafuta madini kwa mikono. Tulimkumbuka kwa sababu jana yake alikuwa amenunua boksi kubwa kuliko yote, amevaa shati ambalo mikunjo ya dukani bado ilionekana. Sasa alirudi na boksi lilelile, limefungwa kamba. Aliliweka juu ya kaunta taratibu.

"Mama, yambo," aliniambia. "Balikatala kuku yenu."

"Banani?"

"Bakwe. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kuingia kwabo. Mama mukwe alifungula kartoni, akatazama, akatazama tena. Akauliza, ya tata iko wapi? Nikasema mi sijue, bantu ba restora njo balifunga. Akasema, basi ulikula mu njia. Akafunga, akanirudishia."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kwetu kama angekuwa nayo. Alisema tu kwamba yule msichana alikuwa amesimama mlangoni akiona yote, na kwamba tangu saa ile hajibu simu yake.

Jikoni hapakuwa na aliyehitaji kuelezwa. Kuku anayepelekwa kwa wakwe anakwenda mzima: kichwa, shingo, mgongo, miguu, mabawa, na juu ya vyote ya tata. Kikikosekana kipande, mwenye nyumba anajua kwamba huyu mgeni ama ana tamaa, ama hamhesabu yeye kuwa mtu. Kila mmoja wetu alilijua hilo tangu hajaota meno. Na sisi ndio tuliomfungia vile vipande, mapaja na vidari tupu, tukamtakia safari njema. Haikutujia akilini. Kwetu kilichokuwa ndani ya lile boksi hakikuwa kuku, kilikuwa bidhaa. Hatukuwaza kwamba mtu atakichukulia kuwa kuku na kukipeleka ukweni.

Nilimweleza shefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakaa juu ya ndoo ya mafuta. "Achari," akasema. "Hii ndiyo achari yenu."

Kuku wetu walikuja wakiwa barafu, kupitia mpakani, na firigisi zilikuja na magari hayohayo katika mifuko ya peke yake, zikauzwa sokoni kwa watu wengine. Akaagiza tuwekewe mifuko hiyo, pamoja na shingo na miguu. Boksi la kwanza tulimfungia yule kijana bila malipo. Nililipanga mimi mwenyewe, migongo chini, mapaja pembeni, na katikati juu ya tata, nimeikaanga polepole hadi ikalainika. Tulikuja kusikia kwamba ukweni walilipokea, na kwamba mama mkwe alisema mapishi si mabaya. Mwezi haujaisha bango likapanda nje, herufi ndefu zinazoonekana na madereva wa malori ya madini: YA TATA IKO NDANI. Jumamosi watu walipanga mstari. Wengine hawakuwa wanakwenda ukweni popote, walitaka tu kufunua boksi mezani kwao na kuikuta.

Mimi nilikuwa nawaza nyumba moja tu. Nilikuwa nimejua sasa. Baba tangu kilio hajawahi kupewa haki yake. Nyumbani tulikuwa tukila samaki wa barafu, mboga, na hivyo vipande vya kampuni visivyo na mwenyewe. Nani angekula katika nyumba ambayo haimweki mahali pake? Nililipanga boksi lake mwisho wa zamu. Kwenye pikipiki nililishika kati yangu na mgongo wa dereva, malori yanatupita na vumbi lao, nami nilikuwa na hakika. Ile hakika ilikuwa kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu tangu tulipomzika mama.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nilisonga bukari ya mahindi na muhogo, nikahamisha kuku kwenye bakuli la mama lenye maua, nikaweka ya tata juu. Nikamwagia baba maji. Nikafunua. Aliitazama. Alitazama muda mrefu, na mimi nikarudi nyuma ya pazia.

Sikusikia kutafuna. Sikusikia hata kidole kugusa sahani. Kisha sauti yake, ileile, haikupanda wala kushuka.

"Mama, kuya."

Niliingia. Hakuwa amegusa kitu. Bukari ilikuwa nzima, bila hata lile shimo la ubavuni, na ya tata ilikuwa palepale nilipoiweka. Hapo niliumia. Niliumia kweli, kifuani, mpaka nikaona haya kwamba mtu mzima anaweza kuumizwa na firigisi. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikanyoosha mkono nichukue bakuli kama kawaida, na baba akaweka kiganja chake juu ya ukingo.

"Ikala," akasema, akinionyesha kiti.

"Tata, haukukula."

"Ikala kwanza."

Kulikuwa na kiti kimoja tu kingine mezani pale, chenye kitambaa alichokifuma mama. Sikuwahi kukikalia baba akiwa anakula. Nikakaa kwenye ukingo. Aliichukua ya tata kwa vidole viwili, akaiweka upande wangu wa sahani.

"Kula."

"Ile ni yako, tata."

"Haikuwaka yangu," alisema. "Hata siku moja. Meno yangu haiiwezake. Mama yako njo alikuwa anaikula. Mi nilikuwa namuita, anakuya, anaikala pale pale uko, anakula ile, mi nakula mugongo, tunasemezana. Benyewe batoto mulifikiri namuita abebe sahani."

Nilikuwa naangalia kitambaa cha meza.

"Na weye nakuita kila siku," akaendelea. "Unakuya, unabeba chakula, unaenda nayo."

"Mbona haukuniambia?"

"Nilifikiri hautake kukula na mi." Akaelekeza kidevu kwenye pazia. "Hata weye haukulake. Nakusikiaka nyuma ya rido. Kijiko moja, unaacha."

Kwa hiyo miezi yote ile mimi nilisimama upande mmoja wa pazia nikisikiliza kama anatafuna, na yeye alikaa upande wa pili akisikiliza kama mimi natafuna.

Niliichukua nikaitia mdomoni. Firigisi si kitu cha kumeza haraka. Inakulazimisha ukae nayo. Nilitafuna upande wa kushoto, nikahamisha kulia, baba akinitazama waziwazi usoni kama baba asivyopaswa kumtazama bintiye akila. Mwanzoni hakukuwa na kitu, kama kawaida. Kisha kitu kikauma pembeni mwa ulimi.

"Chumvi?" baba aliuliza. Aliuliza upesi na bila kufikiri, na nikajua ni swali la zamani, na kwamba si mimi niliyekuwa wa kwanza kuulizwa.

"Imepita," nikasema.

"Imepita mingi?"

"Mingi, tata."

"Utaambia shefu yako."

Akamega bukari. Akavunja mgongo wa kuku kwa mikono yake miwili, akaanza kunyonya mifupa kwa sauti, sauti ambayo utotoni nilikuwa naisikia kupitia pazia nikidhani iko peke yake. Mimi nililia pale, mdomo umejaa, chumvi juu ya chumvi. Hakuniambia ninyamaze. Alinisogezea sahani ya sombe, na kila mara nilipoacha kula, naye aliacha, akangoja, mpaka nikaona hakuna njia nyingine isipokuwa kuendelea. Giza lilipoingia bakuli la maua lilikuwa na mifupa tu. Nilipoinuka kulichukua aliniambia nilale kwanza, vyombo vitaoshwa kesho.

Bango la kampuni liko pale hadi leo, na boksi linauzwa vizuri. Sijamwambia mtu ni nani aliyekuwa akiila kwetu. Wakati mwingine nikiwafungia wateja natazama wanawake walio kwenye mstari, namna wanavyochungulia kuhakikisha kwamba ipo, na siulizi.

Asubuhi iliyofuata mlo ule na baba nilifika kazini mapema. Shefu alikuwa mbele ya friji, anaifunga chupa yake ya achari kwenye gazeti. Kampuni ilikuwa inamhamishia tawi jingine, kwa watu wengine wenye kitu chao kisichotajwa. Aliniona navua kanga.

"Tata alikula?"

"Tulikula," nikamjibu, nikaenda kupunguza chumvi.